UZI: Mita 30 za mto zinaanzia wapi?

Mvua kubwa ikinyesha Nairobi, mjadala ni ule ule. Hawa wanasema: "Wamejenga kwa mto, wabomolewe." Wale wanajibu: "Wana taito na wanalipa kodi, mnawaonea." Sisi wa Donholm tunausikia kwa karibu, maana Mto Ngong unapita hapa chini ukielekea Njiru. Sitataja chama wala mwanasiasa. Nauliza tu kitu ambacho pande zote mbili hukiruka: nani alipima?

Tuanze na taito. Ukitafuta kwa Ardhisasa utaona mwenye ploti ni nani na kama imewekewa mkopo. Hutaona maji yalifika wapi 2024. Tena taito si kinga kama watu wanavyodhani. Mwaka wa 2023, kwenye kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Juu ilisema taito peke yake haitoshi, lazima uonyeshe ardhi ilitolewa kihalali tangu mwanzo. Na Katiba, kifungu cha 40(6), hailindi mali iliyopatikana kinyume cha sheria.

Sasa mita, na hapa nawaomba msome polepole. Kanuni za ubora wa maji za 2006 zilikataza ujenzi ndani ya eneo lenye upana sawa na wa mto, si chini ya mita 6 wala zaidi ya 30 kila upande, kwa kufuata kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kanuni za rasilimali za maji za 2007 zilikuwa na 6 na 30 hizo hizo, lakini zilipima kuanzia ukingo wa juu wa mto. Namba zinafanana, pa kuanzia hapafanani. Penye tambarare, tofauti hiyo inaweza kumeza ploti nzima. Na kama tunafuata mafuriko makubwa zaidi, kila mvua ikivunja rekodi mstari unasogea. Nyumba haijahama popote lakini sasa iko "kwa mto".

Kanuni hizo ndizo zilikuwepo 2018 tingatinga zilipoangusha South End Mall kule Langata na jengo la Ukay, Westlands. Kwa hivyo msiniambie ni shida ya mabanda peke yake.

Marekani wana karatasi inaitwa cheti cha mwinuko. Mpima ardhi mwenye leseni, ama mhandisi, anapima kimo cha sakafu ya chini kabisa ya nyumba, halafu kinalinganishwa na kimo cha mafuriko yenye uwezekano wa asilimia 1 kila mwaka. Haizuii maji, lakini mkibishana mnabishana juu ya namba iliyoandikwa na kutiwa sahihi.

Hapa kwetu lazima ujiungie vipande. Jirani yangu ameonyeshwa ploti upande wa chini kwa bei tamu mno, nikamshauri hivi: atafute kwa Ardhisasa, apate ramani ya upimaji kutoka Survey of Kenya kule Ruaraka, alipe mpima ardhi mwenye leseni amwonyeshe bikoni na kimo cha ploti ukilinganisha na ukingo wa mto. Halafu aandikie Mamlaka ya Rasilimali za Maji, wale WRA, aombe mpaka wa mto uwekwe vigingi, na jibu liwe kwa maandishi. Muuzaji alipoambiwa hivyo alianza kusema ana mteja mwingine. Sawa, amuuzie huyo.

Lakini Eastlands wengi wetu ni wapangaji, na mpangaji hana hata hiyo taito ya kubishania. Mwisho wa Aprili 2024 serikali iliagiza watu wahame kando ya mito, nyumba zikabomolewa Mathare na Mukuru, na waliohamishwa wakaahidiwa shilingi 10,000 kila familia. Aliyekuwa akipokea kodi kila mwezi hakuulizwa sana.

Basi mtu akipanda juu ya gari pale Jacaranda aseme "mita 30", mwulize zinaanzia wapi, vigingi viliwekwa lini, na mpangaji anaweza kuiona wapi hiyo ramani kabla hajalipa deposti. Mimi nimeiuliza kwenye ofisi moja mara mbili, nikaambiwa nirudi Jumatatu.