Kabla ya Kumjengea Chatu Kizimba

Mwalimu mmoja wa baiolojia kutoka Kalama, Machakos, ameniletea swali ambalo kwa mtazamo wa haraka ni la msamiati tu. Wanafunzi wa klabu ya wanyamapori shuleni kwake wanatamani kumweka chatu ili wamchunguze, nao wanatunga barua ya kuomba idhini. Je, makao ya nyoka yaitweje kwa Kiswahili fasaha: zizi, banda, tundu au kizimba?

Swali hili ni zito kuliko linavyoonekana. Kila jina kati ya hayo limebeba tajriba ya vizazi. Zizi ni la ng'ombe na mbuzi. Miti yake huachiwa nafasi kwa kuwa ng'ombe hapenyi kwenye upenyo. Tundu ni la ndege. Vijiti vyake humzuia arukaye, si atambaaye. Mzinga, ambao Wakamba wanaufahamu vyema, huachiwa mlango makusudi kwa kuwa nyuki hurejea wenyewe. Nyoka hana jina lake katika orodha hii kwa sababu wazee wetu hawakuwa na mazoea ya kumfuga. Hata kitenzi kufuga chadai mnyama anayemjua mwenyeji wake na kumfaa. Chatu aweza kuzoea kushikwa, lakini hamwiti mtu wala hamfuati.

Nimependekeza neno kizimba. Tunalitumia pia mahakamani, kwa mahali asimamapo mshtakiwa. Tofauti ni kwamba mambo yakiharibika katika kizimba cha chatu, atakayejibu mashtaka si aliyemo ndani, bali aliyemfungia.

Wala hili si jambo la kubuni. Mnamo Agosti 2013, mjini Campbellton, Canada, chatu wa Afrika, wa jamii moja na hawa wetu, alitoka kizimbani kupitia tundu la hewa, akapita darini na kuangukia chumba walimolala watoto wawili ndugu, mmoja wa miaka 6 na mwenziwe wa miaka 4. Wote wawili walikufa. Mwenye nyoka alishtakiwa kwa uzembe, na mwaka 2016 mahakama ikamwachilia huru. Hukumu hiyo haikuwarejesha watoto. Aidha, izingatiwe kwamba hapakuvunjwa ukuta. Njia ilikuwapo tangu hapo.

Basi, kabla ya kumwita seremala, wanafunzi na wayajibu maswali manne.

La kwanza ni ukubwa. Chatu hutoka yaini akiwa na urefu wa takriban nusu mita, na akikomaa hufikia mita 3 hadi 5. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa hiyo kipimo kichukuliwe kwa chatu atakayekuwa, si kwa huyu aliyemo kikapuni leo, na kizimba kimruhusu kujinyoosha.

La pili ni ufungaji. Mbao ngumu na kioo kinene vyafaa. Wavu wa waya haufai kwa kuta, kwani nyoka husugua pua humo hadi akajijeruhi. Matundu ya hewa yawe mengi lakini madogo, nayo yazibwe kwa kitu kisichong'oka. Kumbuka kwamba pale kichwa kinapopita, mwili hufuata. Komeo pekee halitoshi, kwa maana chatu husukuma usiku kucha. Pawe na kufuli, na ufunguo ukae kwa mwalimu.

La tatu, ambalo aghalabu husahauliwa, ni joto. Chatu hajitengenezei joto la mwili kama sisi. Upande mmoja wa kizimba uwe na nyuzi 30 hadi 32 za selsiasi, na wa pili kama 25, ili achague mwenyewe. Anayeijua baridi ya Julai katika vilima vya Kalama atatambua kwamba bila chanzo cha joto kinachodhibitiwa jambo hili halipatikani. Nyoka aliyekula akakosa joto huweza kuozewa na chakula tumboni. Kinyume chake, kibanda cha mabati katika jua la Februari ni tanuri. Balbu nayo izungushiwe waya ili asiungue, na shule ijue itafanya nini stima ikipotea.

La nne ni utulivu na usafi. Awe na mahali pa kujificha, na beseni zito la maji linalotosha kumzamisha. Sakafuni, magazeti makuukuu yanafaa kuliko randa za mbao zenye harufu kali. Hata ukurasa huu, ukishasomwa, waweza kutumika. Chakula apewe kilichokwisha kuuawa, kwa kuwa panya aliye hai humng'ata. Aliyekomaa asishughulikiwe kamwe na mtu mmoja.

Juu ya yote hayo kuna sheria. Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haimruhusu mtu kumshika wala kumweka chatu bila kibali, na mlango wa kubishwa ni wa Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Kwa hivyo barua itangulie, nyoka afuate. Si kumnasa kwanza na kuomba baadaye.

Walimu wenzangu, siwakatishi vijana tamaa. Udadisi wao ndio elimu yenyewe. Lakini wasipoweza kujibu hata swali moja kati ya haya manne, wasiipeleke barua hiyo. Nauli ya kwenda kuwatazama nyoka katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi, ni nafuu kuliko kizimba kibovu. Na chatu akiachwa vilimani ataendelea kula panya wa mashambani, bila kufuli wala balbu.