Guruneti la Cam Lo

Februari 28, 1967, kaskazini-magharibi ya Cam Lo katika mkoa wa Quang Tri, Vietnam, kombania moja ya Marine wa Marekani ilikuwa ikipenya msitu mnene kwenda kuwaokoa wenzao wa doria ya upelelezi waliokuwa wamezingirwa. Platuni ya pili ndiyo iliyotangulia. Ilikwenda kama mita 200 hivi, risasi zikaanza kumiminika. Askari wakajitupa chini wamebanana, wakijibu mapigo. Adui alikuwa mita 20 tu mbele yao, na majeruhi wakazidi kuongezeka. Ghafla guruneti likaanguka katikati yao, karibu na kichwa cha askari wa bunduki, James Anderson Jr. Akanyoosha mkono, akalivuta kifuani, akajikunja kulizunguka. Likalipuka.

Vipande vichache viliwafikia wenzake, lakini sehemu kubwa ya mlipuko ilikuwa imeishia mwilini mwake. Wao wakasalimika. Anderson alikuwa na miaka 20.

Mkono ukigusa chungu cha moto hurudi wenyewe kabla akili haijatambua kinachoendelea. Ndivyo tulivyoumbwa. Mkono wa Anderson ulikwenda mbele, ukakishika kifo chenyewe, na aliyekuwa nao alijua anachokishika, maana guruneti ni silaha ambayo kila askari hufundishwa. Kila ninapoisoma habari hii husimama hapo, wala sioni kwamba neno “ujasiri” pekee linatosha.

Anderson, Mmarekani mweusi, alizaliwa Los Angeles Januari 22, 1947. Wakati huo vijana weusi waliojiunga na Marine walikuwa bado wakifundishwa peke yao, mbali na Wazungu, katika kambi ya Montford Point, North Carolina. Na hata huko walikuwa wamefika majuzi tu: hadi 1942 jeshi hilo lilikuwa limewafungia mlango. Takriban vijana 20,000 walipitia kambi hiyo kabla haijafungwa mwaka 1949, mwaka mmoja baada ya Rais Truman kuamuru ubaguzi ukomeshwe majeshini.

Amri ya majeshini haikufika mitaani. Agosti 1965, Anderson akiwa na miaka 18, mtaa wa Watts katika jiji lake hilohilo uliwaka moto kwa hasira ya watu weusi dhidi ya polisi na dhiki. Watu 34 walikufa. Miezi sita baadaye, Februari 17, 1966, baada ya kusoma chuo kwa mwaka na nusu, alijiandikisha Marine. Desemba akapelekwa Vietnam. Hakumaliza miezi mitatu.

Wiki tano baada ya kifo chake, Martin Luther King alisimama katika kanisa la Riverside, New York, akailaani vita ile waziwazi. Aliuliza kwa nini vijana weusi wapelekwe mbali kulinda uhuru ambao wao wenyewe hawakuupata kwao. Naamini King alisema kweli, na kweli hiyo haipunguzi hata chembe ya alichofanya Anderson. Serikali ndiyo iliyomtuma. Wenzake waliolala kando yake pale porini ndio aliowafia.

Agosti 1968 familia yake ilikabidhiwa Nishani ya Heshima, tuzo kuu ya kijeshi ya Marekani. Alikuwa Marine mweusi wa kwanza kutunukiwa. Baadaye jina lake lilipewa meli ya shehena ya kijeshi.

Marine weusi wanne wengine waliokufa katika vita vya Vietnam walitunukiwa nishani hiyo: Rodney Davis, miaka 25, Ralph Johnson, 19, Oscar Austin, 21, Robert Jenkins, 20. Kila mmoja wao, kama Anderson, aliuweka mwili wake kati ya guruneti na mwenzake.