Kuatika Nyanya Mwishoni mwa Masika

Vitabu vya bustani vilivyoandikwa Ulaya, pamoja na maelezo yapigwayo chapa juu ya pakiti za mbegu zitokazo huko, humwagiza msomaji aoteshe miche ya nyanya ndani ya nyumba, karibu na dirisha lipatalo jua, mwanzoni mwa majira ya kuchipua, kisha aitoe nje mara jalidi ya mwisho itakapokwisha kuondoka. Na maagizo hayo ni ya haki kabisa kwa mkazi wa London au Hamburg, kwa kuwa mnyanya ni mmea wenye asili ya Amerika ya joto, na usiku mmoja wa jalidi watosha kuuangamiza. Walakini kwetu sisi watu wa mwambao, tangu Lamu na Mombasa hata Tanga, Unguja na Kilwa, jalidi haijulikani, na maadui wa mnyanya ni wawili wengine kabisa, yaani mvua ya masika na joto la kaskazi. Kwa hiyo mtu atakaye kuchuma nyanya katika ua wa nyumba yake hana budi kuiweka kando kalenda ya ugenini na kuifuata ile iliyopangwa na pepo za nchi yake.

Sababu yenyewe imo katika ua la mmea. Mnyanya hujichavusha wenyewe, lakini chavua yake ni dhaifu mbele ya joto: mchana ukizidi nyuzi 32 hivi, na hasa usiku ukikataa kushuka chini ya nyuzi 24, sehemu kubwa ya chavua hupoteza nguvu ya kutungisha, maua yakanyauka na kupukutika, na mwenye bustani akabaki na kichaka kizuri cha majani kisicho na tunda. Katika Dar es Salaam joto la usiku wa Februari hukaa karibu na nyuzi 24, ilhali usiku wa Julai, kusi inapovuma na kipupwe kimetua, hushuka mpaka karibu na 19. Basi makusudio yetu yawe kwamba mmea uchanue Julai. Na kwa kuwa mche hukaa kitaluni wiki nne, kisha huchukua wiki tatu au nne nyingine baada ya kuatikwa kabla ya kutoa maua, hesabu inaturudisha nyuma mpaka nusu ya kwanza ya Mei, wakati masika bado hayajamalizika. Hapo ndipo penye ugumu wa kazi nzima, na ndipo panapostahili maarifa: kulea mche usiopenda mvua katikati ya mvua, ili uwe tayari siku mbingu zitakapotakata.

Juu ya mbegu sitasema mengi. Tengeru 97 na Tanya, zilizotolewa mwaka 1997 kutokana na kazi ya watafiti wa Tengeru karibu na Arusha, ni mbegu za kuaminika, na matunda yake ni magumu, hudumu siku nyingi bila kuoza. Money Maker, mbegu ya kale ya Uingereza, ni mmea mrefu utakao mti wa kuegemea, na ngozi ya tunda lake ni laini isiyostahimili safari ya lori, jambo ambalo kwa bustani ya nyumbani si dosari hata kidogo, maana safari yote ni kutoka uani hadi jikoni. Atakayekamua mbegu katika nyanya za sokoni na ajue kwamba nyingi siku hizi ni za chotara, na kizazi cha chotara hakifuati sura ya mzazi wake. Jambo moja tu ningependa lishikwe: gramu moja ya mbegu ina punje zipatazo 300, na nyumba ya watu sita au saba hutosheka na miche ishirini iliyotunzwa vyema, kwa hiyo amwagaye pakiti nzima katika beseni moja haongezi mavuno, bali anaandaa msongamano ambao, kama tutakavyoona, ndio mlango wa maradhi.

Kazi yenyewe haianzi Mei, bali Februari au Machi, nayo ni kazi ya udongo. Udongo wa kitalu usitoke mahali palipopandwa nyanya, bilinganya, pilipili, viazi mviringo au tumbaku katika miaka mitatu iliyopita, kwa sababu mimea hiyo yote ni ya ukoo mmoja, na maradhi ya mmoja aghalabu humpata mwenziwe. Chukua sehemu mbili za udongo mweusi wa juu, moja ya samadi iliyooza hata ikawa haina harufu, na moja ya mchanga. Vipitishe katika chekeche, vilowanishe, uvitandaze juani kwa unene usiozidi shibiri, kisha uvifunike kwa nailoni angavu iliyokandamizwa mawe pande zote, ukaiacha hivyo kwa wiki nne hadi sita. Jua la kaskazi, lile lile liangushalo maua, hupasha udongo huo joto la kuua kuvu nyingi, mbegu za magugu na minyoo fundo. Wazee walizoea kuchoma takataka juu ya tuta kwa minajili hiyo hiyo, nayo ni desturi yenye faida, ila moto huunguza juu na kuacha chini, na kwa rai yangu nailoni yafanya kazi iliyo sawa zaidi.

Uko ugonjwa mmoja wa udongo ambao kila mwenye bustani yampasa kuujua kwa macho yake, nao ni mnyauko wa bakteria. Mmea uliosimama wima asubuhi hulegea adhuhuri ukiwa bado na rangi yake ya kijani, na watu huumwagia maji kwa kudhani una kiu. Ukate shina karibu na ardhi, ukining'inize kipande hicho katika bilauri ya maji maangavu pasipo kukitikisa, na baada ya dakika chache utaona uzi mwembamba wa weupe ukishuka kutoka mahali palipokatwa; hao ni bakteria wenyewe, wakitoka kwa maelfu. Ugonjwa huu hauna dawa. Mahali ulipoonekana pasipandwe nyanya tena kwa miaka, na mwenye ua mdogo ni heri apande katika ndoo na madebe yaliyotobolewa chini na kujazwa udongo wa mbali.

Mei ikiingia, inua tuta la kitalu kiasi cha shibiri moja ili maji yasisimame, wala lisipite mita moja kwa upana, ili mkono ufike katikati pasipo kulikanyaga. Chora mifereji midogo kwa kidole, kila mmoja mbali na mwenziwe kwa sentimita 10 hadi 15, udondoshe mbegu mojamoja katika kina cha sentimita moja, ufukie kwa udongo laini, utandaze nyasi kavu, na juu ya yote usimamishe paa la nailoni au makuti, kimo cha kiuno, lililo wazi upande wa mashariki ili jua la asubuhi liingie. Siku ya tano hadi ya nane mbegu huchipua, na jioni ya siku hiyo hiyo nyasi ziondolewe zote, kwa sababu mche uliokaa gizani kwa siku mbili hurefuka shingo, na shingo hiyo hainenepi kamwe.

Sasa tufike kwenye jambo liualo miche mingi kuliko wadudu wote, nalo ni maji. Mtu mwenye huruma huamka akanyweshea kitalu alfajiri, akarudi adhuhuri, akamalizia magharibi, naye haoni kwamba anawanywesha maadui: kuvu zikaazo udongoni, ambazo wataalamu huziita Pythium na Rhizoctonia, huamka penye unyevu na hewa isiyotembea, zikaishambulia miche pale ishikamanapo na ardhi. Ugonjwa huo wakulima wa Tanzania huuita kinyausi. Ukiinama uutazame mche ulioshikwa, utaona shina lake limekuwa jembamba na la rangi ya maji machafu usawa wa udongo, limesinyaa hata halina unene wa uzi wa kushonea, ilhali majani mawili ya juu bado ni mabichi na hayana habari ya msiba uliokwisha kutokea chini. Kesho yake mche umelala, na keshokutwa imelala kumi iliyo karibu nao, kwa duara. Dawa za kuvu zipo madukani, lakini hakuna iliyo bora kuliko mambo matatu yasiyo na gharama: kunyweshea mara moja tu kwa siku, na asubuhi, ili uso wa udongo uwe umekauka kabla ya usiku, kuacha hewa ipite chini ya paa, na kupunguza miche mapema. Siku isiyo na jua, ikiwa udongo ukishikwa bado una ubaridi wa unyevu, usinyweshee kabisa.

Kupunguza ndiko kunakowaumiza watu moyo, walakini hakuepukiki. Majani mawili ya kwanza, yaliyo membamba na yasiyo na meno, ni majani ya mbegu. Yanayofuata, yenye mikato na harufu ya nyanya, ndiyo majani halisi. Jani halisi la kwanza likifunguka, ng'oa miche iliyo dhaifu, au bora uikate kwa mkasi ili mizizi ya jirani isisumbuke, uache nafasi ya sentimita nne au tano kati ya mche na mche. Tangu hapo kitalu kifunikwe kwa shashi nyembamba kwa ajili ya inzi weupe, ambao huleta ugonjwa wa virusi unaokunja majani na kuyafanya manjano, na mche ulioambukizwa utotoni hauzai kitu cha maana. Wala mtu asidhani chandarua cha kitanda kitamfaa, kwa kuwa inzi hao hupenya katika matundu yake bila taabu. Tena mvuta tumbaku na aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa miche, maana virusi vya tumbaku hukaa katika sigara iliyo kavu, navyo huhamia kwenye mnyanya kwa kuguswa tu.

Wiki ya mwisho kitaluni ni wiki ya kuzoesha. Paa liondolewe, kwa muda wa saa mbili au tatu siku ya kwanza, kisha nusu ya mchana, hata mwisho miche ikae juani kutwa nzima. Maji nayo yapunguzwe, bila kuiacha inyauke. Mche ulioandaliwa hivyo huwa mfupi na mgumu, shina lake lina unene wa kalamu ya risasi na kivuli cha zambarau, majani yake ni manne hadi sita, na kimo hakizidi sana shibiri. Mnunuzi wa miche aghalabu huchagua mirefu iliyo laini, akidhani imeitangulia mingine, na hilo ni kosa: mrefu ule umekimbilia mwanga, nao utavunjwa na upepo wa kwanza wa kusi.

Kuatika kufanywe alasiri, jua likipunguza ukali, au siku ya mawingu. Kitalu kinyweshewe kwanza, kisha mche uchimbuliwe pamoja na donge lake la udongo, ukashikwa kwa jani wala si kwa shina, kwa sababu jani likivunjika huota jingine, na shina likibanwa halina mbadala. Shimo liwe limekwisha kutiwa konzi mbili za samadi iliyochanganywa na udongo, na nafasi iwe sentimita 50 kati ya mche na mche, na 75 kati ya mstari na mstari. Na hapa mnyanya una tabia ambayo mboga nyingi hazina: shina lake, likifukiwa, hutoa mizizi. Ukilitazama kwa karibu sehemu ya chini utaona vipele vidogo vyeupe vilivyo tayari kuchomoza. Kwa hiyo kata majani ya chini, uzike mche mpaka karibu na majani yaliyosalia, nao katika siku chache utakuwa na mizizi mingi kuliko ule ulioupanda kwa kina cha kitalu. Zungushia shina ganda la mgomba, nusu yake ndani ya ardhi, ili sota wasilikate usiku. Chomeka kuti upande wa kusi kwa siku tatu au nne za kwanza.

Kwa wenzetu wa Lushoto, Njombe na milima mingine ya baridi, hesabu hubadilika: mche hukaa kitaluni wiki tano hata sita, na adui mkubwa huwa bakajani chelewa, ugonjwa upendao ukungu na majani yaliyolowa, ambapo nafasi pana kati ya mimea huwa na faida kubwa zaidi kuliko pwani.

Miti ya kuegemea ichomekwe siku ile ile ya kuatika, kwa kuwa ikichomekwa baadaye hukata mizizi. Na nakuomba, msomaji, usikivunje kitalu siku hiyo kwa kuona kazi imekwisha. Acha humo miche mitano au sita kwa muda wa siku kumi, kwani karibu kila bustani hupoteza michache katika juma la kwanza, na mche wa kuziba pengo hauna budi kuwa wa umri mmoja na wenziwe.