Mkate wa Leo na Gunia la Kesho: Hesabu ya Tanuru Changa Kusini mwa Maniema

Katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa jimbo la Maniema, mkate hutengenezwa kwa nafaka isiyolimwa huko. Ngano hupenda nyanda za juu zenye baridi, ilhali Maniema ni nchi ya joto na mvua inayostawisha mpunga, muhogo, karanga na michikichi, hivyo kila gunia la unga wa ngano hufika likiwa limekwisha kubeba gharama ya safari ndefu. Reli itokayo Lubumbashi kwenda Kindu hupita magharibi ya mto Lualaba, na shehena ya Kasongo iliyokuja kwa njia hiyo lazima ishushwe na kuvushwa mto. Kabambare nayo, iliyo mashariki zaidi, hutazama barabara ya Fizi na Ziwa Tanganyika, ambayo mvua huifanya matope. Mwenye tanuru jipya anayeona biashara yake ikidhoofika, hata kama mikate yake huisha kila asubuhi, anapaswa kuanzia hapo, kwa kuwa mara nyingi hasara haitokani na upungufu wa wateja bali na tofauti kati ya bei ya gunia alilolifungua na bei ya gunia litakalofuata.

Kosa la kawaida ni kupanga bei ya mkate kwa kutazama fedha zilizolipiwa unga uliopo ghalani. Hesabu iliyo salama hufuata gharama ya kurudishia, yaani kiasi kitakachohitajika kununua gunia jingine kama hilo siku lile la kwanza litakapokwisha. Jambo hili huwa zito zaidi pale ambapo bidhaa za jumla huhesabiwa kwa dola na mkate huuzwa kwa faranga za Kongo, kwani faranga ikishuka thamani, muuzaji anaweza kupata faida katika daftari na papo hapo akashindwa kujaza ghala lake.

Hatua ya pili ni kutenganisha gharama za aina mbili. Gharama zinazobadilika hupanda na kushuka kulingana na idadi ya mikate, kama vile unga, hamira, sukari, mafuta na kuni. Gharama za kudumu, kama kodi ya nyumba, ushuru na mshahara wa mwezi, hulipwa hata siku ambayo tanuru halikuwashwa. Kwa mfano wa kubuni, ikiwa mkate mmoja huuzwa faranga 500 na gharama zake zinazobadilika ni faranga 350, hubaki faranga 150 za kuchangia gharama za kudumu. Gharama hizo zikiwa faranga 450,000 kwa mwezi, ni lazima iuzwe mikate 3,000 kabla ya kupatikana faida yoyote. Kiasi hicho huitwa kiwango cha kurudisha gharama. Unga ukipanda kiasi cha kuongeza faranga 50 tu kwa kila mkate, na bei isibadilike, kiwango hicho hufika mikate 4,500, yaani nusu zaidi ya kazi ya awali, bila senti moja kuongezeka mfukoni.

Uvujaji mwingine hutokea mezani, wakati wa kukata donge. Waokaji hupima viambato vyote kwa kulinganisha na uzito wa unga: unga wa kilo 50 unaweza kuchanganywa na maji kilo 30, sukari kilo 2.5, mafuta kilo 1.5, chumvi gramu 750 na hamira kavu gramu 500, na kutoa donge la kilo 85 na kidogo. Likikatwa vipande vya gramu 125, hupatikana vipande 680 hivi. Mkono ukizoea kukata gramu 140, hupatikana kama 608, na zaidi ya mikate 70 huwa imegawiwa bure kutoka katika kila gunia. Mizani ya kawaida, kwa hiyo, hujilipa yenyewe kabla ya mashine yoyote.

Mauzo nayo hutegemea wanawake na vijana wanaochukua mikate alfajiri kwa mali kauli, yaani mali inayotolewa kwa ahadi ya kulipiwa baada ya kuuzwa. Utaratibu huu hupanua soko, lakini unahitaji mpaka: anayechukua leo awe amelipa ya jana, na kila deni liandikwe kwa jina na kiasi, kwa kuwa fedha zilizo mikononi mwa wachuuzi haziwezi kununua unga.

Kisha kuna kinachoota karibu. Mpunga ulienea katika nchi hii pamoja na wafanyabiashara Waswahili na Waarabu katika nusu ya pili ya karne ya 19, Kasongo ilipokuwa makao makuu ya mmoja wao, Tippu Tip, na vitumbua vya mchele, visivyohitaji ngano hata chembe, vinaweza kukaangwa hasa katika mwezi wa Ramadhani, katika mji wenye Waislamu wengi. Muhogo pia unaweza kushika nafasi ya takriban asilimia 10 ya ngano katika mkate. Ukizidi sana, mkate haupandi vizuri, kwa sababu muhogo hauna gluteni, yaani protini ya ngano inayonasa hewa ya hamira. Na unga wake uwe wa muhogo uliokunwa na kukaushwa upesi, si ule uliolowekwa kwa ajili ya ugali, ambao huacha harufu ya uchachu.

Suala la mtaji huja mwisho, ingawa wengi hulitanguliza. Likelemba, ambayo wanachama huchanga na kupokezana fungu lote kwa zamu, hufaa kununulia kifaa kimoja kama mizani au mabati ya kuokea. Chama cha kuweka na kukopa, ambacho hulipisha riba, hufaa kununulia unga kabla barabara haijaharibika kwa mvua. Hata hivyo, mkopo ukiingia katika tanuru ambalo bado linauza kwa bei ya gunia la jana, huongeza idadi ya mikate inayouzwa kwa hasara, na deni hubaki baada ya mkate kuliwa.