Mhifadhi wa Majengo ya Kale na Asome Pia kwa Mwashi

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi walimu wa Kiswahili tumezoea kuifundisha methali hii kama fumbo: ufa ni kosa dogo, ukuta ni hasara kubwa. Aghalabu tunasahau kwamba wapo watu ambao kwao ufa ni ufa na ukuta ni ukuta. Mnamo Desemba 25, 2020, sehemu ya jumba la Beit al-Ajaib mjini Unguja, lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu 2 huku kazi ya ukarabati ikiendelea. Kuhifadhi majengo ya kale, basi, si anasa ya watalii wala mchezo wa wapenda historia. Ni taaluma, na asiyeielewa huweza kuua.

Nimeyawaza haya kwa sababu ya kijana mmoja niliyemfundisha zamani. Baada ya kuhitimu shahada yake ya Historia na Kiswahili, alipata nafasi ya kusomea uzamili wa uhifadhi wa majengo ya kale ng'ambo. Wengi hudhani kwamba somo hilo ni la wasanifu majengo na wahandisi peke yao. La hasha. Humo mna kemia ya chokaa na chumvi, mna sheria, mna uchoraji wa ramani za nyumba, mna historia. Mwanafunzi husoma pia Mkataba wa Venice wa mwaka 1964, unaomtaka mhifadhi aheshimu kazi ya kila kizazi kilichotia mkono katika jengo na akome pale anapoanza kubahatisha.

Kijana huyo alichagua kuandika tasnifu juu ya nyumba za mawe za Lamu, mji wa kale ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Alipokuja likizo aliniletea sura mbili nizisome. Zilikuwa zimeandikwa kwa Kiingereza safi. Lakini daka la nyumba lilikuwa limegeuzwa kuwa veranda, na zidaka za ukutani zimekuwa rafu za urembo. Nilimwuliza maneno yenyewe yamekwenda wapi.

"Daktari, msimamizi wangu aliyakata," akanijibu. "Alisema msomaji wa kimataifa hatayaelewa."

Nilitaka kumlaumu msimamizi huyo, nikaona haya. Kwa miaka mingi nimefundisha Al-Inkishafi, utenzi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir unaoyalilia majumba ya Pate yaliyogeuka magofu, na msamiati wa nyumba hizo nilikuwa nikiutoa katika kamusi. Mimi ni mzaliwa wa bara. Sikuwahi kuketi dakani hata siku moja. Tukakubaliana tuandamane hadi Lamu.

Huko tulipokewa na mwashi mmoja mzee. Alituketisha kwanza dakani, kwenye baraza za mawe zilizo pande mbili za mlango, akatueleza kwamba mgeni asiye wa nyumba hukomea hapo. Kutoka dakani mtu hupita tekani, na njia hupinda ili mpita njia asiweze kuchungulia ndani. Halafu kiwanda kilicho wazi kwa mbingu, halafu misana, halafu ndani, ambako ukuta umejaa zidaka. Vyumba ni virefu lakini vyembamba, kwani upana wake ulipimwa kwa urefu wa boriti za mikoko zinazobeba dari.

Hapo ndipo isimu yangu iliponifaa. Daka ni uwazi ulioingia ukutani, mlangoni. Kidaka, ambacho Waamu wakikitaja kwa wingi husema zidaka, ni daka lililotiwa kiambishi cha udogo. Lugha yenyewe inalitazama pango la mlangoni na pango la ukutani kama umbo moja, kubwa na dogo. Ukiandika "veranda" hapa na "rafu" pale, umelikata uzi huo, na hakuna kipimo cha maabara kitakachokurudishia.

Kisha mzee akatuonyesha ukuta uliopigwa lipu ya simiti miaka michache iliyopita. Lipu ilikuwa imebanduka, ikang'oka na vipande vya matumbawe.

"Mwanangu," akamwambia kijana, "ukuta huu hutoka jasho. Ukiuvisha simiti, jasho litapita wapi?"

Vitabu vya kijana vilisema neno lilo hilo kwa kurasa nyingi: chokaa huruhusu unyevu kutoka, simiti huuzuia, na chumvi ikikauka ndani huvunja jiwe. Mzee alisema kwa sentensi mbili. Sidai kwamba mzee anatosha. Hawezi kupima kiasi cha chumvi, na waashi wenzake wengi leo wanapenda simiti kwa sababu hukauka upesi. Ninachodai ni kwamba kila mmoja alikuwa na nusu ya elimu.

Afrika imewahi kujaribu kuziunganisha nusu hizo. Mradi wa Africa 2009, ulioanza mwaka 1998, uliwafundisha wahifadhi wa bara hili uhifadhi wa majengo na maeneo ya kale. Kozi zake za Kiingereza zilifanyika Mombasa. Nionavyo mimi, hilo lilikuwa jambo jema lenye kinaya: katika mji wa Waswahili, somo la kuta lilikuwa kwa Kiingereza.

Watakaonipinga watasema tasnifu lazima isomwe na watahini wa ulimwengu. Nakubali. Iandikwe kwa lugha yoyote, lakini jina la kitu libaki pamoja na kitu, na maelezo yafuate. Vyuo vyetu vimtake kila mwanafunzi wa uhifadhi akae na mwashi kwa muhula mzima, na mwashi alipwe kama mwalimu. Nanyi walimu wa Kiswahili, mnapofundisha udogo na ukubwa wa nomino, chukueni mfano wa daka na kidaka, na aliye karibu na mji wa kale awatoe wanafunzi darasani wakavione kwa macho.

Kijana wangu aliyarudisha maneno yale katika tasnifu, akaambatisha faharasa yake, na shahada akaipata. Mzee wa Lamu, alipotuaga mlangoni pake, alituambia kwamba hana mwanagenzi hata mmoja. Ufa wenyewe ndio huo, na tumekwisha kuuona.