Bidhaa Zilizokoma Kiwandani na Maisha Yake Mtwara

Bidhaa hukoma siku kiwanda kinapoacha kuitengeneza. Kwa mtengenezaji hiyo ni tarehe kwenye daftari: mitambo inafunguliwa, kalibu zinauzwa, wafanyakazi wanahamishiwa kitengo kingine. Kwa mtu anayeitumia bidhaa hiyo mbali na kiwanda, siku hiyo hupita kama siku nyingine yoyote, maana chombo chake bado kinafanya kazi. Kati ya siku kiwanda kinaposimama na siku chombo cha mwisho kinapogoma moja kwa moja huweza kupita miaka thelathini, pengine hamsini. Humo ndimo mapenzi ya watu kwa vitu visivyotengenezwa tena yanamoota mizizi.

Wanaoyaeleza mapenzi hayo hutaja kwanza kumbukumbu: mtu huipenda redio ya baba yake kwa sababu ya baba. Kisha hutaja uhaba: kinachoadimika hupanda thamani. Sababu zote mbili ni za kweli, lakini hazitoshi kueleza kinachoonekana katika pwani ya Mtwara, kuanzia Mikindani hadi mlango wa Mto Ruvuma. Huko kitu cha zamani hupendwa kwanza kwa sababu kinatengenezeka, na jambo hilo lina historia yake.

Bandari ya Mtwara yenyewe ni mtoto wa mradi uliokufa kabla hajazaliwa. Serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga wa Tanganyika mwaka 1947, na Nachingwea ikawa moja ya sehemu zake tatu kuu, pamoja na Kongwa na Urambo. Mavuno ya kusini yalihitaji bandari yenye kina kirefu. Januari 1951 ilitangazwa kwamba mradi umeachwa. Gati lilifunguliwa mwaka 1954. Reli iliyotoka bandarini kwenda Nachingwea ilifungwa mwaka 1962, kisha ikang'olewa. Tangu hapo mkoa ulitegemea meli na barabara ya vumbi, na barabara hiyo ilikatika masika kwenye bonde la Rufiji mpaka Daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003. Hata baada ya daraja, kipande cha udongo kiliendelea kuwasumbua madereva kwa miaka mingine kadhaa. Mji ulioishi hivyo haukuwa na sababu ya kupenda chombo kinachongoja spea kutoka mbali. Ulipenda chombo kinachokubali spea iliyochongwa papo hapo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni Land Rover. Gari hilo lilionyeshwa hadharani mara ya kwanza Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948, na aliyelibuni ni Maurice Wilks wa kampuni ya Rover. Uingereza ilikuwa katika mgao wa chuma baada ya vita, ilhali alumini ya viwanda vya ndege ilikuwa tele, kwa hiyo bodi ikaundwa kwa alumini juu ya chesisi ya chuma. Mabati yake yalikuwa bapa, yamenyooka, ili yakunjwe bila mitambo ya gharama kubwa. Uamuzi huo ulitokana na dhiki, na ndio uliolipa gari umri mrefu. Bati lililonyooka linaweza kukunjwa upya na fundi mwenye nyundo na meza imara, kisha likafungwa kwa bolti au ribiti. Gari la kisasa lenye mikunjo ya kuvutia halina subira hiyo. Likigongwa ubavuni hudai bati zima jipya.

Kusini mwa Tanzania aina iliyotawala ilikuwa 109, iliyoitwa hivyo kwa sababu ya inchi 109 zilizopo kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma. Ilitengenezwa kuanzia miaka ya 1950 hadi 1985. Mrithi wake, One Ten, alitoka mwaka 1983 akiwa na springi za koili, na jina la Defender likaja mwaka 1990. Njia ya mchanga ya Msimbati, njia ya Kilambo iendayo kwenye kivuko cha Ruvuma, na miinuko ya kupanda Uwanda wa Makonde kuelekea Newala zilikuwa njia za gari hili: abiria wamebanana nyuma, magunia ya korosho juu, kuku wamefungwa miguu pembeni. Likinasa mchangani, abiria walishuka wakasukuma, na hakuna aliyeona kwamba nauli yake imedhulumiwa.

Uzalishaji wa Defender ya zamani ulisimama Solihull, Uingereza, tarehe 29 Januari 2016, baada ya magari zaidi ya milioni mbili katika ukoo wote. Kwa gereji za Mtwara tarehe hiyo haikubadilisha kitu. 109 ilikuwa imekwisha koma miaka 31 kabla, na ilikuwa bado barabarani. Spea ziliendelea kupatikana kwa njia tatu: mpya zilizotengenezwa na viwanda vingine kwa kuiga, kuukuu zilizofunguliwa kwenye magari yaliyokufa, na zile alizozitoa fundi mkereza vyuma kwenye kipande cha chuma baada ya kuletewa iliyovunjika ili aipime. Njia ya tatu ndiyo inayotenganisha bidhaa inayoweza kuishi baada ya kiwanda chake na isiyoweza. Bushi, pini na shafti huchongwa. Kompyuta ya injini haichongwi.

Ni hapa pia ambapo mpenzi wa Ulaya na mpenzi wa Mtwara huachana. Mkusanyaji wa Uingereza hukagua namba ya chesisi na namba ya injini, akataka ziwe zilezile zilizoandikwa pamoja kiwandani. Hata rangi isiyo ya mwaka husika hupunguza bei. Katika pwani ya kusini si ajabu kuikuta 109 yenye injini ya Toyota au Nissan, bampa ya kuchomelewa, na viti vilivyoshonwa upya kwa turubai. Kwa mkusanyaji hilo ni gari lililoharibiwa. Lakini waliolibuni walilikusudia liwe chombo cha shamba kinachofanyiwa matengenezo na mkulima mwenyewe, na kwa kipimo hicho dereva wa Newala amelielewa kuliko mwenye jumba la kuhifadhia magari.

Hata hivyo mapenzi ya kukusanya na kujivunia yapo Tanzania pia, na yanakua. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, wenye magari wakatoka mikoa mbalimbali, kwa nia ya kuvunja rekodi ya msafara mrefu iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018. Gari lililokuwa la mkuu wa wilaya, la polisi, la misheni na la mnunuzi wa korosho likaoshwa na kung'arishwa kwa ajili ya picha. Jambo la namna hii kwa kawaida hutokea pale kitu kinapoanza kuwa nadra kiasi cha kutambulika, lakini bado hakijawa nadra kiasi cha kusahauliwa.

Adui mkubwa wa magari haya Mtwara ni chumvi ya bahari. Alumini na chuma vikigusana penye unyevu wa chumvi huzalisha mkondo mdogo wa umeme, na alumini ndiyo inayoliwa. Alama yake ni unga mweupe chini ya rangi, hasa penye ukingo wa mlango. Chesisi nayo huoza kwa kutu kutokea ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Gari la Masasi, lililo mbali na upepo wa bahari, huzeeka polepole kuliko pacha wake wa Mikindani.

Tahadhari moja inafaa kutolewa kuhusu kauli inayosikika kila kijiwe, kwamba vitu vya zamani vilikuwa imara kuliko vya sasa. Kauli hiyo huwahesabu walio hai tu. Magari mabovu ya mwaka 1970 yalikwisha kuwa chuma chakavu mwaka 1980, na hakuna anayeyakumbuka wala kuyasifu. Yanayoonekana leo ni yale yaliyopita kwenye chujio la miaka hamsini, kisha mtu akayachukua kuwa mfano wa enzi nzima. Hoja iliyo sahihi ni nyembamba zaidi: baadhi ya vitu vya zamani vilitengenezwa kwa namna inayoruhusu kurekebishwa, na hivyo ndivyo vilivyobaki.

Karabai ni kisa cha namna nyingine. Taa hii ya mafuta ya taa yenye pampu ilianzia Ujerumani. Max Graetz wa Berlin aliitengeneza mwanzoni mwa karne ya 20 na kuipa jina la Petromax, kisha viwanda vya nchi nyingi vikaiga. Kazi yake kubwa pwani ilikuwa uvuvi wa dagaa usiku wa giza la mwezi, dagaa wakivutwa na mwanga hadi kwenye wavu. Wavuvi waliijua kwa undani: sindano ya kuzibua, ngozi ya pampu, na kitambaa chepesi cha kuwakia ambacho kikishaungua hubaki majivu matupu na hupasuka kwa mtikisiko mdogo. Karabai haikuuawa na kukosa fundi. Bajeti ya serikali ya mwaka 2011/12 ilipandisha ushuru wa mafuta ya taa ili kukomesha uchakachuaji wa dizeli kwa mafuta hayo, na mara bei ya usiku mmoja wa kuvua ikawa mzigo. Taa za LED za betri zikaja muda mfupi baadaye, haziogopi upepo wala wimbi. Wazee wa ufukweni wanaweza kuisifia karabai kwa mwanga wake wa joto, lakini ni vigumu kumpata mvuvi anayeirudia. Mapenzi hayo ni ya mazungumzo, si ya kazi.

Nokia 1100, maarufu kama Nokia ya tochi, imesimama katikati ya Land Rover na karabai. Ilitoka mwaka 2003 na ikauzwa zaidi ya nakala milioni 250 duniani kabla ya kukoma. Kibodi yake ya mpira ilizuia vumbi, chaji ilidumu siku kadhaa, na tochi ilimfaa mtu arudiye nyumbani mahali pasipo taa. Uhai wake mrefu una sababu moja isiyosemwa sana: betri yake, BL-5C, iliingia kwenye redio ndogo na spika za bei nafuu kutoka China, kwa hiyo ikaendelea kutengenezwa na kuuzwa madukani hata baada ya simu yenyewe kukoma. Tarehe 16 Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipozima simu feki, nakala nyingi za kuiga zilinyamaza usiku mmoja, na Nokia kuukuu zilizokuwa halisi zikaendelea kuita. Kilichobaki kuamua hatima yake ni mtandao wa 2G. Siku utakapozimwa, hakuna fundi atakayeweza kuifufua.

Redio za National hazina faida ya kikazi kama hiyo ya Nokia. Kampuni ya Kijapani ya Matsushita ilifungua kiwanda Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na redio na betri zake zikaenea hadi vijiji vya mpakani. Mwaka 2008 kampuni hiyo ilijibadili jina kuwa Panasonic na chapa ya National ikaondolewa. Redio hizo zikikaa kabatini leo, ni kwa sababu ya sauti zilizopita ndani yake: taarifa ya habari ya Redio Tanzania Dar es Salaam, matangazo ya vifo yaliyofanya nyumba nzima inyamaze, na habari za vita vya ukombozi vya Msumbiji, vilivyopiganwa ng'ambo ya Ruvuma kuanzia 1964 hadi 1974. Hapa maelezo ya kumbukumbu yanajitosheleza.

Uhaba mtupu, kwa upande wake, unaonekana vizuri Mikindani, iliyokuwa bandari ya eneo hili kabla ya Mtwara, na ambako boma la Wajerumani la mwaka 1895 bado limesimama. Sarafu za hela za Kijerumani, nyingine zenye tundu katikati, hutunzwa na kuuzwa kwa wageni ingawa hazinunui chochote tangu utawala huo ulipoanguka. Ya thamani kubwa kuliko zote ni ile ya dhahabu ya rupia 15 yenye picha ya tembo, iliyopigwa Tabora mwaka 1916 wakati meli za Uingereza zikizuia fedha kutoka Ujerumani. Zilipigwa chache, na zikakoma mwaka huohuo. Kinyume chake ni riale ya Maria Theresa. Imeandikwa mwaka 1780, ilizunguka pwani hii yote, na kiwanda cha sarafu cha Vienna kinaendelea kuipiga mpaka sasa kwa tarehe ileile. Wengi humwona anayeimiliki kuwa na kitu cha kale, kumbe huenda kina umri mdogo kuliko mjukuu wake.

Watengenezaji wamekwisha gundua kwamba mapenzi haya yana soko. Mwaka 2017 jina la Nokia 3310, simu ya mwaka 2000, lilirudishwa kwenye simu mpya. Bilionea wa Uingereza Jim Ratcliffe aliitaka mitambo ya Defender ya zamani. Alipoikosa, akaunda gari lake, Ineos Grenadier, lenye umbo linalofanana sana, ambalo lilianza kutoka Hambach, Ufaransa, mwaka 2022. Land Rover nayo ilizindua Defender mpya mwaka 2019 na kuitengenezea Nitra, Slovakia. Magari yote mawili yana umbo au jina la zamani, lakini ndani yamejaa vifaa vya kielektroniki. Mnunuzi wa Ulaya hupata alichokitamani. Anayekwenda kijiji cha Kitaya, Mtwara, wakati wa mvua hapati, maana alichokipenda yeye hakikuwa umbo.

Mwisho wa 109 Mtwara kwa kawaida huamuliwa na hesabu ya kilo. Gharama ya chesisi mpya ikizidi bei ya chuma chakavu na thamani ya vipande, mwenye gari huita mnunuzi wa skrepa. Bodi ya alumini hukatwa, hupimwa, huyeyushwa, na humiminwa kwenye kalibu za mchanga kutengeneza sufuria. Chuma cha chesisi hupakiwa lori kwenda kwenye viwanda vya nondo. Giaboksi, difu, milango isiyopasuka na usukani hubaki gereji, maana bei yake kwa mwenye 109 nyingine ni kubwa kuliko bei ya uzito wake.