Muziki Uliochangia Msalaba Mwekundu Wakati wa Vita

Karibu na mji wa Nyeri, mahali paitwapo Mathari, liko kanisa lililojengwa na Wataliani mwaka 1952. Ndani yake imehifadhiwa mifupa ya askari wao 676, wengi wao wakiwa wale waliofariki nchini Kenya walipokuwa mateka katika Vita Kuu ya Pili. Pamoja nao amelazwa Amedeo wa Aosta, aliyekuwa mkuu wa serikali na majeshi ya Italia katika Uhabeshi. Alisalimu amri huko Amba Alagi mwezi wa Mei 1941, akaletwa Kenya, akafa Nairobi tarehe 3 Machi 1942.

Nanyuki nako palikuwa na kambi kubwa ya mateka. Mwezi wa Januari 1943 watatu kati yao, Felice Benuzzi na wenzake wawili, walitoroka kambini, wakaupanda Mlima Kenya, wawili wao wakasimika bendera ya kwao juu ya kilele cha Lenana, kisha wote wakarudi kambini kwa hiari yao. Chakula cha safari walikuwa wamekidunduliza katika posho yao kwa muda mrefu. Kwa mtu aliyefungwa nyuma ya seng'enge, kopo moja la nyama ni mali, na barua moja kutoka nyumbani ni mali zaidi.

Huenda mtu akauliza: kwa nini adui aliyeshikwa vitani apewe posho, dawa na barua? Jibu limo katika Mkataba wa Geneva wa mwaka 1929. Mkataba huo uliagiza kwamba mateka asiteswe, alishwe ipasavyo, atibiwe akiugua, na aruhusiwe kupokea barua na vifurushi. Wajumbe wa Msalaba Mwekundu kutoka Geneva walipita makambini kuangalia kama maagizo hayo yanafuatwa. Wala sheria hiyo haikuwekwa kwa ajili ya huruma peke yake. Kila taifa lilikuwa na wana wake mikononi mwa mwenziwe. Atakaye mwanawe atunzwe ugenini, hana budi kumtunza mwana wa mwingine aliye mikononi mwake. Jambo hili liliwahusu watu wa Kenya pia, kwani mwaka 1944 vijana wao wengi walikuwa Burma pamoja na King's African Rifles, na askari yeyote aweza kutekwa.

Lakini vifurushi, dawa na bandeji hununuliwa kwa fedha. Chama cha Msalaba Mwekundu cha Marekani kilipeleka vifurushi zaidi ya milioni 27 kwa mateka wa nchi hiyo na wa mataifa rafiki. Sehemu kubwa ya fedha za Chama ilitoka kwa watu wenyewe, na njia moja ya kuwakusanya watu wenye fedha ni muziki.

Tarehe 25 Mei 1944, katika jumba la Madison Square Garden mjini New York, palifanywa tamasha la kuuchangia Msalaba Mwekundu. Jumba hilo lilizoeleka kwa mapigano ya ngumi, lakini usiku ule vikundi viwili vikubwa vya wapigaji muziki viliunganishwa kuwa kimoja. Kiongozi wao alikuwa Arturo Toscanini, Mtaliani mwenye umri wa miaka 77. Mzee huyo alikuwa ameihama nchi yake kwa sababu alikataa kuitumikia serikali ya Mussolini. Mwaka 1931 alipigwa mjini Bologna kwa kukataa kuupiga wimbo wa chama chake. Watu maelfu walinunua tiketi, na fedha zilizopatikana zilizidi dola 100,000. Haba na haba hujaza kibaba.

Miongoni mwa yaliyopigwa ni sehemu ya mwisho ya Rigoletto, opera ya Verdi. Opera ni mchezo wa kuigiza ambao maneno yake huimbwa. Humo baba mmoja mwenye uchungu anamlipa muuaji ili amwue adui yake, na mwishowe anayeuawa ni binti yake mwenyewe. Katika mwaka wa vita, kisa hicho hakikuhitaji mfasiri.

Tamasha hilo halikupotea usiku ule. Maikrofoni, yaani vyombo vipokeavyo sauti, viliwekwa mbele ya wanamuziki; sauti ikapita katika waya hadi kwenye mashine, na sindano ikaichora juu ya sahani laini inayozunguka. Kutokana na sahani ya namna hiyo hutengenezwa kalibu ya chuma, na kutokana na kalibu hupigwa chapa santuri nyingi za kuuzwa. Baadaye sehemu hiyo ya Rigoletto ilitolewa kwa santuri na kampuni ya RCA Victor. Santuri iliyonaswa mbele ya watu haifanani na ile ya chumba cha kazi: kosa halirudiwi, na makofi ya wasikilizaji yamo ndani yake. Hivyo asikilizaye leo huwasikia na wale waliotoa fedha zao.

Wako wanaosema kwamba si haki watu kuketi wakistarehe kwa muziki huku wengine wanakufa. Neno hilo lina uzito, na jawabu lake ni kutazama fedha zilikokwenda. Starehe ya saa chache iligeuka kuwa damu kwa majeruhi na chakula kwa mfungwa.

Mateka wa Nanyuki waliobaki hai walirudishwa kwao baada ya vita. Wale wa Mathari wamebaki, na makaburi ya askari wa pande zote yangali yakitunzwa Nyeri. Apitaye hapo aweza kukumbuka kwamba hata vita vina sheria yake, na kwamba sheria hiyo hailishi mtu mpaka apatikane wa kuitolea fedha.